Nilikaribia Kumkata Mbwa Wangu Sauti

Siku niliyopiga simu kuuliza bei ya kumkata mbwa sauti, yaani kumpasua nyuzi za sauti ili kelele yake iishe, nilikuwa na wiki tatu sijapata usingizi wa maana. Jirani yangu tunayepakana ukuta alikuwa na miezi. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu aliye pale nilipokuwa mimi: mbwa unampenda, jirani huna ugomvi naye, na katikati yenu kuna kelele uliyoshindwa kuizima.

Naishi Kinyerezi, Dar es Salaam. Ni fundi cherehani, nashonea nyumbani. Mume wangu anaendesha lori la mizigo njia ya Tunduma. Akiondoka ni siku kumi, wakati mwingine wiki mbili. Mwishoni mwa 2020 wezi waliruka ukuta wakabeba pampu ya maji, mtungi wa gesi na vitenge vya wateja nilivyokuwa nimevianika. Mimi na watoto tulikuwa ndani tumelala, hatukusikia kitu. Vitenge nilivilipa. Lakini tangu usiku ule, paka akiruka tu juu ya bati, moyo unanilipuka.

Januari 2021 mume wangu akaja na kitoto cha mbwa. Mama yake mbwa wa kizungu, German Shepherd; baba yake koko wa mtaani. Watoto wakamwita Bosi. Tukamjengea banda pale pale getini, uso kwa uso na barabara, na fundi rangi akatuandikia MBWA MKALI. Geti letu ni la nondo, ukiwa ndani unaona nje yote. Bosi alipoanza kubweka tulifurahi kama watu waliosikia mtoto akitamka neno lake la kwanza. Mpita njia akikatiza, Bosi akabweka, sisi tunapiga makofi: "Safi Bosi! Mshike!" Mume wangu alikuwa anamtupia kipande cha nyama. Mwaka mzima tulimfundisha kwa bidii kwamba kila kinachopita mbele ya geti lile ni kazi yake. Mchana tukawa tunamfungia bandani, kwa ile imani ya wengi kwamba mbwa akifungiwa mchana, usiku anakuwa mkali.

Kufika katikati ya 2022 Bosi alikuwa na kifua kipana na sauti ya kusikika mpaka kituoni. Bodaboda akishusha abiria, anabweka. Mama wa mboga akinadi mchicha wake, anabweka. Usiku paka wakitembea juu ya ukuta, anabweka mpaka koo linamkauka, anapumzika, anaanza upya. Adhana ya alfajiri ikianza, anainua shingo na kutoa ule mlio mrefu, na mbwa wa mtaa mzima wanamwitikia.

Jirani yangu ni muuguzi. Alikuja jioni moja, akabisha hodi kistaarabu, hakutaka hata kukaa. "Jirani, nimekuja tuongee vizuri. Mbwa wenu ananimaliza. Natoka zamu ya usiku, nikirudi asubuhi silali." Nilimjibu maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka naona aibu: "Dada, huyu mbwa anakulinda na wewe. Unadhani kwa nini wezi hawaruki kwako?" Akanitazama, akasema, "Haya," akaondoka. Nilidhani nimeshinda. Na nilikuwa sijamsikia. Yeye alisema asubuhi. Mimi nilisikia usiku, kwa sababu usiku ndio ulionisumbua mimi.

Wiki mbili baadaye mjumbe wetu aliniletea wito wa ofisi ya serikali ya mtaa. Majirani wanne walikuwa wamelalamika, mmoja wao mzee anayepita mbele ya geti letu kila alfajiri kwenda msikitini. Mwenyekiti hakuwa mkali. Alinipa mwezi mmoja nimtulize mbwa au nimwondoe. Nikiwa natoka, kijana mmoja kwenye benchi akasema, kama vile haongei na mtu, "Mbwa kama hao wanapewa nyama tu, yanaisha." Anayefuga mbwa mjini anajua maana yake: nyama ya sumu, inatupwa usiku juu ya ukuta. Nilirudi nyumbani miguu haina nguvu.

Niliyoyafanya mwezi ule sijivunii hata moja, ila nayasema yote.

Nilianza kwa kumfokea kutoka dirishani. "Bosi! Nyamaza!" Baadaye daktari aliniambia kwamba kwa mbwa, mwenye nyumba anayepaza sauti naye ni mwenzake anayemsaidia kubweka. Nikahamia kwenye ndara, kisha fimbo. Alinyamaza nikiwa nimesimama mbele yake. Nikigeuka anaanza, na sasa alikuwa anajikunyata kila akiniona. Usiku mmoja nikamfunga mdomo kwa kipande cha kitenge. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Anapoa kwa kuhema, mdomo wazi na ulimi nje. Ukimfunga mdomo kwenye joto la Dar unaweza kumuua, na akitapika atapaliwa na matapishi yake mwenyewe. Sikujua. Baada ya kama nusu saa nilikwenda kumtazama nikamkuta amelala ubavu, anavuta pumzi puani kwa shida, macho yamemtoka. Nilimfungua, nikammwagia maji, nikakaa naye chini pale sementini mpaka kukapambazuka. Nakuomba, usimfunge mbwa wako mdomo.

Kisha nikanunua mkanda wa shingoni, ule unaompiga mbwa shoti akibweka. Kariakoo, shilingi 95,000. Siku mbili za kwanza palikuwa kimya, nikamtumia mume wangu ujumbe wa furaha. Siku ya tatu nikagundua unampiga Bosi shoti hata akibweka mbwa wa nyumba ya pili. Siku ya nne mwanangu mdogo alikuwa anapita karibu na banda, Bosi akapigwa shoti akiwa anamtazama yeye. Kuanzia hapo akimwona mtoto ananguruma. Mbwa haelewi kwamba kosa ni kubweka. Anachojua ni kwamba alimtazama fulani, akaumia. Nikauvua. Chini yake ngozi ilikuwa imechubuka sehemu mbili na manyoya yamenyonyoka. Kazi ya kumrudishia mtoto imani, na Bosi imani kwa mtoto, ilituchukua muda mrefu kuliko jambo lingine lolote nitakalolieleza hapa.

Wakati huo ndipo ndugu yangu mmoja aliyeko Marekani akanigusia upasuaji. "Huku kuna watu wanawakata nyuzi za sauti," aliniambia kwenye simu. "Mbwa anabaki mzima, anakula, anacheza, ila kelele hana." Nililia kwa nafuu niliyoipata. Bosi angebaki, jirani angelala, yule kijana wa kwenye benchi asingekuwa na sababu. Nikatafuta madaktari wa mifugo watatu kwa simu. Wawili walisema hawafanyi. Wa tatu akasema anafanya, 450,000 pamoja na dawa, nitangulize 100,000. Nilituma siku ile ile. Sikumuuliza swali hata moja, wala yeye hakuniuliza chochote kuhusu mbwa.

Mume wangu nilimweleza kwa simu akiwa kwenye foleni ya malori Tunduma. Akanyamaza kidogo. "Mama watoto, mbwa asiye na sauti atalinda nini?"

"Na mimi nisiye na usingizi nitalea nini?"

Tukaagana tumekasirikiana.

Kilichonizuia ni kadi ya chanjo. Kabla ya upasuaji niliambiwa nije na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, na ya Bosi ilikuwa imepitwa na miezi mitano. Nikampeleka kwa daktari wa karibu na kwetu, dada mmoja kijana aliyesomea Sokoine, Morogoro. Wakati anaandaa sindano akaniuliza mkwaruzo wa shingoni umetokana na nini. Nikamweleza mkanda, kisha nikamweleza upasuaji, tarehe na yote. Akaiweka sindano chini.

"Mama, umeelezwa anakatwa nini?"

Nilisema nyuzi za sauti. Zaidi ya hapo sikuwa na neno. Akachukua kalamu akanichorea nyuma ya bahasha. Nyuzi za sauti ziko ndani ya zoloto, juu ya bomba la hewa. Mbwa anapigwa nusukaputi, kisha daktari ana njia mbili. Ya kwanza ni kupitia mdomoni, anamega sehemu ya nyuzi. Haina jeraha la nje na inakwisha haraka, lakini mara nyingi sauti inarudi baada ya miezi, kwa sababu kovu linalojengeka pale linaanza kutetema kama uzi. Ya pili ni kupasua koo kwa chini, kufungua zoloto na kuziondoa nyuzi kwa ukamilifu zaidi. Hiyo inadumu kuliko ya kwanza, ila ni upasuaji mkubwa. Kwa njia zote mbili, kovu linaweza kutanda kama utando katikati ya njia ya hewa. Njia ikiwa nyembamba, mbwa anahema kwa shida akikimbia au jua likiwa kali, na hapo inabidi apasuliwe tena. Halafu zoloto ndilo linalofunga njia ya hewa wakati wa kumeza. Likiharibika, maji na chakula vinapotea njia, vinaingia mapafuni, mbwa anapata nimonia.

"Lakini habweki tena," nilisema. Nilikuwa bado naitetea ile laki yangu.

"Anabweka, mama. Mara zile zile, kwa hofu ile ile. Kinachotoka ni mkwaruzo, kama mtu aliyekaukiwa na koo. Kinachombwekesha hakiko kooni."

Kisha akanionyesha jambo ambalo sikuwa nimelifikiria kabisa. Moja ya dalili za kichaa cha mbwa ni sauti kubadilika: misuli ya koo inapooza, mbweko unakuwa wa ajabu, wa kukwaruza, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kumeza. Ugonjwa huo kwetu bado upo, na binadamu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu hakuna anayepona. "Sasa wewe una mbwa wa kukwaruza siku zote," aliniambia. "Akiumwa kweli utamjuaje? Na mtaa ukimsikia utafikiri nini?" Nikamkumbuka kijana wa kwenye benchi. Mbwa mwenye sauti ya kichaa, Kinyerezi, asingemaliza wiki.

Baadaye nilisoma mwenyewe. Mkataba wa Ulaya wa 1987 wa kulinda wanyama wanaofugwa nyumbani unaukataza upasuaji huu, uliotajwa pamoja na kukata masikio na kung'oa kucha, isipokuwa daktari akiona kuna sababu ya matibabu au faida ya mnyama mwenyewe. Uingereza hauruhusiwi. Hata huko Marekani alikoutaja ndugu yangu, jimbo la Massachusetts liliupiga marufuku mwaka 2010. Sisi tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, inayokataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na nilianza kujiuliza kama naweza kusema kwa dhati kwamba mateso haya ni ya lazima wakati sijajaribu kitu chochote zaidi ya fimbo na shoti. Simhukumu mtu aliyejaribu kila njia akabaki na uchaguzi wa kumchoma mbwa sindano ya kifo au kumkata sauti. Mimi sikuwa nimefika huko. Nilikuwa nimechoka tu, na uchovu ulinifanya nione njia ya mkato kama njia ya mwisho.

Yule daktari alimpa Bosi chanjo, akamkagua mwili mzima. Masikioni alikuta kupe watatu na usaha kwenye sikio la kushoto. Mbwa mwenye maumivu hukasirika upesi na hukosa usingizi, akasema, na mimi nilikuwa sijawahi kumwinua sikio tangu anunuliwe. Dawa ya matone siku kumi na nne, ya kupe ya kupaka, chanjo, na kumwona daktari: 68,000 jumla. Nilimuuliza pia kama kumhasi kungesaidia. Alisema kuhasi kunapunguza uzururaji na vurugu za kutafuta jike, ila mbwa anayebwekea geti ataendelea kubwekea geti.

Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo lililobadilisha kila kitu. "Anabweka saa ngapi, na anambwekea nani?"

Nilisema muda wote, kila mtu. "Hapana," akasema. "Nenda ukaandike. Wiki moja. Saa, kilichotokea kabla, na kilichomnyamazisha."

Nilichukua daftari la shule la binti yangu nikaliweka kando ya cherehani. Kama huna nguvu ya kufanya lolote lingine kwa sasa, fanya hili. Baada ya siku nne tu mambo yalianza kujionyesha. Saa nane usiku mpaka saa tisa: paka, juu ya ukuta wa nyuma, karibu kila usiku. Saa kumi na nusu alfajiri: mzee wa msikitini, anapita hatua mbili kutoka kwenye geti, kofia, fimbo na tochi. Saa kumi na mbili jioni mpaka saa mbili: bodaboda. Adhana yenyewe, iliyokuwa inanitia aibu kuliko yote, ilikuwa dakika mbili tatu. Mbwa wengi huitikia sauti ndefu iliyonyooka, iwe king'ora au mluzi. Hiyo haikuwa na hasira yoyote.

Lakini daftari langu lilikuwa na pengo. Jumatatu na Alhamisi huwa nakwenda Kariakoo kununua vitambaa, watoto wako shule, nyumbani hakuna mtu. Nikaamua kuacha simu yangu ya zamani dirishani ikirekodi. Jioni nikasikiliza. Dakika tano baada ya mimi kufunga geti, Bosi alianza, na hakuwa anambwekea mtu. Ulikuwa mbweko mmoja mmoja, wenye nafasi katikati, wa juu juu kama kilio, kwa muda wa saa tatu na dakika kumi mfululizo. Nilikaa na ile simu mkononi. Hicho ndicho jirani yangu alichokuja kuniambia. Asubuhi. Anatoka zamu.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Nilibeba khanga mpya, lakini nilimwomba radhi kwanza, khanga baadaye. Nilimchezeshea ile rekodi nikamwambia, "Sikujua. Nilikujibu vibaya na ulikuwa na haki." Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kitu kilichoniuma kuliko wito wa serikali ya mtaa: "Nilidhani mnajua, mnafanya makusudi." Tulikaa mpaka saa tatu. Alinipa ratiba yake ya zamu ya mwezi ule. Nilimwomba anipe miezi mitatu, na tukaenda pamoja kwa mwenyekiti kuomba muda uongezwe. Kama ningekwenda peke yangu sidhani kama angekubali.

Sasa kazi yenyewe. Jambo la kwanza lilikuwa geti. Fundi alilifunika kwa bati kwa ndani, kutoka chini mpaka usawa wa kifua changu; bati na ufundi 110,000. Banda likahamishiwa nyuma, karibu na jiko. Nililala usiku wa kwanza nikiwa na hofu ya wezi, nikijua hakuna jicho getini. Lakini masikio ya mbwa hayahitaji geti la nondo. Alichopoteza ni kuona miguu ya kila mpita njia, na kwa hilo peke yake ubwekaji wa jioni ulipungua kama nusu kwenye daftari ndani ya wiki mbili. Kama una pesa ya jambo moja tu, weka hapo.

La pili, tulikoma kumfungia mchana. Saa kumi na moja na nusu asubuhi, kabla watoto hawajaamka, namfunga kamba tunatembea dakika arobaini, njia za pembeni ambako watu ni wachache. Mwanzoni alinivuta mpaka bega likawa linauma usiku. Siku za Kariakoo tunatembea zaidi, na kabla ya kuondoka namfichia chakula uani: vipande vya ugali vilivyochanganywa na dagaa, chini ya ndoo, nyuma ya tofali, ndani ya mchanga. Anavitafuta kwa pua muda mrefu, kisha anachoka analala. Nilijaribu pia kumjazia chakula kwenye kifuu cha nazi. Alikipasua na kutaka kumeza vipande, nikaacha. Upweke wenyewe tuliutibu polepole: naondoka dakika mbili, narudi kimya bila kumshangilia, kesho dakika tano, kisha robo saa. Siku za zamu ya usiku ya jirani, asubuhi yake sikwenda Kariakoo kabisa kwa miezi miwili. Nilipoteza wateja wawili waliotaka kitambaa haraka. Ni gharama ambayo sikuiandika popote, lakini ipo.

La tatu, neno. Daktari alinikataza kumfundisha kunyamaza kabisa, kwa sababu tulimtaka aseme pale panapostahili. Akibweka mara mbili tatu, naenda alipo, natazama anakotazama, nasema kwa sauti ya kawaida, "Asante Bosi, basi." Nadondosha kipande cha pafu la kuchemsha miguuni pake. Anainama, mdomo una kazi, kelele imekatika. Akibaki kimya, naongeza kingine. Siku zinavyokwenda unarefusha kile kimya kabla ya kutoa: kuhesabu mpaka tatu, mpaka kumi, mpaka thelathini. Mapafu ya ng'ombe buchani kwetu ni bei nafuu. Nachemsha, nakata vipande vya ukubwa wa punje ya hindi, naweka kwenye kopo.

Inachosha. Kutoka kitandani saa nane usiku kwenda kumwambia mbwa asante kwa sababu ya paka, huku kichwa kinauma, kulinitoa machozi mara kadhaa. Wiki ya tatu alizidi kuliko mwanzo. Daktari alikuwa ameshanionya kwamba mbwa aliyezoea kubweka ili apate jibu, jibu lisipokuja, huongeza sauti kwanza kabla ya kukata tamaa, na mwenye nyumba akishindwa siku hiyo anakuwa amemfundisha kwamba dawa ni kuongeza. Karibu nishindwe. Kilichonisaidia ni daftari, maana lilionyesha kwamba usiku kuliharibika lakini jioni palikuwa pazuri.

Kisha mume wangu akarudi safari. Usiku wa kwanza Bosi alibwekea pikipiki, yeye akapiga kelele kutoka chumbani, "We Bosi!" Usiku wa pili akamsifu kwa kumtoa mbio muuza maji. Tuligombana, safari hii uso kwa uso. Nikamwekea simu, nikamchezeshea ile rekodi ya saa tatu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. "Huyu analia," alisema. Asubuhi alikuwa wa kwanza kushika kamba. Ndani ya nyumba, mmoja akifanya lake na mwingine lake, mbwa hajifunzi. Wafundishe wote, hata dada wa kazi na mtoto wa darasa la kwanza.

Mzee wa msikitini nilimfuata mwenyewe nyumbani kwake, nikampa shikamoo, nikamwomba msamaha. Nilitegemea lawama. Aliniambia hana ubaya na mbwa, ila anatembea na udhu na hapendi kushtushwa wala mbwa amkaribie. Nikamwuliza kama angekuwa tayari kupita upande wa pili wa njia kwa muda, na akifika usawa wetu aseme neno, lolote, ili Bosi azoee sauti yake. Mimi nilikuwa nasimama uani saa ile na kopo langu. Alfajiri ya kwanza alisema kutoka upande wa pili, "Bosi, ni mimi napita." Bosi alibweka. Nikasema asante, nikadondosha pafu. Ilichukua siku kama kumi na nane. Sasa akisikia ile sauti anainua masikio, anapiga mkia mara moja chini, basi. Mzee bado anaisema, ingawa hatumhitaji tena aiseme.

Laki yangu ya kwanza haikurudi. Yule daktari wa upasuaji alisema imeshanunua dawa, na sikuwa na risiti. Ukiwa bado unafikiria upasuaji, usitume pesa kwanza. Uliza anaingia kwa mdomoni au kwa kupasua koo, mbwa wangapi ameshawafanyia na wako wapi leo, sauti ikirudi au kovu likiziba atafanya nini na kwa bei gani, nani anamwangalia mbwa usiku ule wa kwanza. Daktari asiyetaka kujua mbwa anambwekea nani kabla ya kutaja bei, mimi nisingempa mbwa wangu tena.

Jumla, ukiacha mkanda na ile laki, nilitumia kama 200,000 kwa miezi minne: geti, kuhamisha banda, matibabu, mapafu na dagaa. Haikufika nusu ya bei ya upasuaji. Jasho na usingizi sikuvihesabu.

Bosi hajawa mbwa wa kimya. Paka wa saa nane bado wapo. Tuliweka matawi ya miiba juu ya ukuta wa nyuma, wakahamia pembeni. Adhana bado anaiitikia, kwa hiyo dakika zile namwingiza jikoni na mlango naufunga. Siku mvua ikipiga bati anarudi nyuma wiki nzima. Lakini sasa namsikia. Mbweko wa paka ni wa haraka haraka, wa juu. Wa upweke una nafasi. Wa mtu anayesimama getini bila kubisha hodi ni mzito, wa chini, na kati yake ananguruma. Huo nikiusikia nawasha taa za nje zote na kumpigia jirani, naye huwa ameshaamka.

Ratiba yake ya mwezi huu nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Kesho anatoka zamu ya usiku, kwa hiyo Kariakoo nitakwenda keshokutwa. Mapafu yameshachemka, nasubiri yapoe nikate.